Mama wa Watoto Kumi na Wawili

Mwanamke huyu alinizaa mara mbili kwa mwaka, na kila mara mbele ya askari wa uhamiaji. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba, tulipofunga shule Uganda na kuja Juba kwa wazazi wetu. Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa Januari, tulipokuwa tukirudi. Hakunizaa peke yangu. Alizaa watoto kumi na wawili kwa mkupuo, wengine wakiwa warefu kumzidi yeye mwenyewe, wengine wamepishana miezi mitatu tu, na askari alipoinua macho kwa mshangao alimjibu bila kupepesa, "Mungu nanipenda."

Wazazi wa Juba walimwita mama wa kuvusha, nami nitamwita hivyo hivyo. Sisi watoto tulimwita Anti, isipokuwa mpakani, ambako tulitakiwa kumwita Mama, tena kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuvusha watoto wa watu. Miaka ile vita vilipotulia, wazazi wengi waliokuwa wakimbizi Uganda walirudi Juba kutafuta riziki, wakatuacha sisi kule kule, kwa sababu shule za huku zilikuwa bado ni jina na ubao tu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alipata kazi ya upishi katika hoteli iliyoendeshwa na Wakenya, mimi nikabaki Adjumani kwa bibi. Nilikuwa na miaka sita. Kuanzia hapo mpaka nilipotimiza kumi na mitatu, mtu mzima niliyemwona pande zote mbili za mpaka alikuwa yeye tu, na naomba msinionee wivu.

Alizaliwa wapi, binti wa nani, sijui. Kabila lake lilitegemea la askari aliyekuwa zamu.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu anayewahi kugombana. Kwapani alibana mkoba uliokuwa ukinuka samaki mkavu, na ndani ya mkoba mlikuwa na barua yenye mihuri mitatu. Barua ile ilisema nini hakuna aliyejua. Aliikunjua upande wa mihuri tu, akaishika kwa sekunde mbili, akairudisha. Mwaka mmoja askari kijana, mgeni wa kazi, alidai kuisoma yote. Mama wa kuvusha alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Wewe nasoma barua ya mkubwa yako?" Kijana akagonga muhuri haraka, nadhani mpaka leo anajiuliza mkubwa gani.

Safari zake zilianza na kuishia katika ua wake hapa Juba, mtaa wa Hai Jalaba, nyuma ya maduka ya vitambaa, penye lango la bati lililokuwa likipiga kelele kumzidi. Siku moja kabla ya kuondoka alitupanga mstari na kutufanyisha mtihani. Nimefanya mitihani mingi tangu hapo, pamoja na ule wa ukunga unaonipa mkate sasa, lakini hakuna ulionitoa jasho kama ule.

"Mama yenu nani?"

"Wewe!"

"Baba yenu iko wapi?"

"Jeshini!"

"Cheo gani?"

Hapo ndipo wadogo walipobabaika, kwa sababu baba yetu alikuwa akipanda cheo kila mwaka. Nilipoanza safari alikuwa sajini. Nilipoacha alikuwa brigedia. Hatukuwahi kumwona, lakini nawaambia ukweli, tulimwogopa. Mvulana mmoja wa darasa la tatu alifika mahali pa kujisifu shuleni kwa ajili yake, akapigwa na wavulana wengine watatu waliokuwa na baba huyo huyo.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na rufaa. Upande wa Uganda, Kiarabu cha Juba kilikuwa marufuku. Upande wa huku, Kiingereza kilikuwa marufuku, maana kingetuonyesha kuwa tumelelewa nje. Tukishavuka, hakuna kufungua mdomo hadi tufike Juba, hata kwa kutapika. Aliyetaka kutapika aliinua mkono. Katika hilo sitamkosea haki: mtoto akichafuka alimfuta kwa kitenge chake mwenyewe, na ukipata homa njiani alikubeba mgongoni huku akikutukana. Matusi yake ya kubeba wagonjwa yalikuwa laini kidogo.

Uzalendo wake ulikuwa wa namna yake. Tulipokanyaga tu ardhi ya Nimule, upande wetu wa mpaka, alivuta pumzi ndefu, akasema, "Hii ndiyo hewa," kisha akakohoa kwa vumbi. Alitucheka kwa kupenda matoke na kwa kula kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, kwa vidole viwili kama tunashika mjusi. "Nyinyi iko Waganda," alisema. "Mafi, hakuna kitu ya nyumbani najua." Lakini nyumbani kwake majani ya chai yalitoka Uganda, sabuni ilitoka Uganda, hata chumvi. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Alinijibu kuwa nchi inapendwa na moyo, siyo na sufuria.

Kubwa zaidi, watoto wake mwenyewe, wavulana wawili, hakuwavusha hata siku moja. Walisoma hapa hapa Juba, katika shule zile zile alizowasaidia wazazi wetu kuzikimbia. Na hakuona haya kulisema, tena mbele ya wazazi, wakati wanamkabidhi watoto wao.

"Watoto yangu hapana kwenda. Mtoto nakaa mbali, nasahau sura."

Mama zetu walicheka, wakidhani anatania. Wengine hawakucheka, lakini walimkabidhi vile vile, maana hakukuwa na mwingine wa kumkabidhi.

Sasa nifike kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo ilikuwa dini yake. Majina yetu hayakumhusu. Alikuwa na sababu: majina mpakani hubadilika, alisema, lakini idadi haibadiliki. Alituhesabu tukipanda, tukishuka, tukikojoa. Ili kazi iwe rahisi alinunua mtumba wa fulana za kijani zilizokuwa tangazo la sabuni, zenye picha ya mche wa sabuni unaotoa povu kifuani, akatuvisha wote. Ongeza na vichwa vyetu, ambavyo shule za Uganda zilivinyoa vipara, wasichana kwa wavulana. Ungetuona ungedhani ni shehena.

Hakujua kuwa mtumba ule ulikuwa na nusu ya pili, na nusu hiyo ilinunuliwa na mwanamke mwingine wa kazi kama yake, aliyekuwa akivusha watoto wa mji wa Torit.

Nilikuwa na miaka minane. Desemba iliyotangulia nilikuwa nimeugua surua, sikusafiri, kwa hiyo nilikuwa sijamwona mama karibu miaka miwili. Pale Nimule makundi yetu mawili yalikutana, watoto wa kijani huku, watoto wa kijani kule, na mara ukapita msafara wa malori. Vumbi likafunika kila kitu. Tulikimbia nyuma ya vibanda, wote pamoja. Lilipotua, sote tulikuwa wekundu kuanzia kipara hadi vidole, na mama wa kuvusha alikuwa tayari juu ya gari, akigusa vichwa kimoja kimoja. Kumi na mbili. Akagonga bodi, gari likaondoka.

Kumi na mbili ilikuwa imetimia, isipokuwa mimi sikuwemo. Nilikuwa bado nyuma ya kibanda nikitoa mchanga machoni. Mahali pangu alikaa msichana wa Torit, ambaye naye, kama sisi, alikuwa amefundishwa kutofungua mdomo. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba walivunja sheria. Mmoja alinyoosha mkono, akasema, "Anti, huyu si yule." Jibu la Anti likawa wimbo wetu kwa miaka mingi.

"Nyamaza. Kumi na mbili ni kumi na mbili."

Yule mama wa Torit aliita majina, akagundua kosa mara moja, akabaki nami Nimule na kuanza kutafuta simu. Lakini simu ya mama wa kuvusha ilikuwa imezimwa ili kutunza chaji. Siku hiyo hiyo hapa Hai Jalaba aligawa watoto kama kawaida. Mzazi alifika, akaonyeshwa wake, akaondoka. Mama yangu alifika mchana wa jua kali, jua ambalo mtu hawezi kulisingizia giza, akaonyeshwa msichana wa Torit, akamshika mkono, akaenda naye nyumbani. Alimwogesha. Alimpikia kuku. Alimlaza kitandani kwake. Kosa lilijulikana kesho yake asubuhi.

Nililetwa siku iliyofuata. Mama alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nilipouliza ilikuwaje, aliniambia jambo moja, na hakulibadilisha maisha yake yote. "Nilijua palepale kwamba si wewe. Sikutaka kumtisha mtoto wa watu. Nikasema ale kwanza, alale, kesho tutatafuta mwenyewe."

Ningemwamini kama kusingekuwa na mama wa kuvusha. Kwa maana yeye, badala ya kuona aibu, aliona amepata hadithi. Aliisimulia kila alipoalikwa, na Juba ile watu walikuwa wakialikana sana. Alisimama katikati ya harusi, kitenge kimefungwa kifuani, akaigiza jinsi mama alivyomshika yule msichana mkono, jinsi alivyomtazama, jinsi alivyosema kwa furaha, "Amekua!" Hapo watu walijipiga mapajani. "Nachinja kuku," alimalizia, "kwa mtoto ya mtu!" Mama alikuwepo mara nyingi. Alicheka pamoja nao, akifunika mdomo kwa mkono. Hakukanusha hata mara moja.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto aliyemezwa na swali moja: je, mama yangu ananijua? Nilirudi nalo Adjumani, nikalala nalo, nikaja nalo tena Desemba. Nilipokua likageuka sumu ya ulimi. Kila nilipofika mlangoni nilisimama mbali kidogo, nikauliza, "Umenitambua leo, au nisubiri kesho asubuhi?" Nilifanya hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, nikafanya nikiwa na ishirini, tayari ninakaa Juba, tayari ninazalisha wanawake wengine. Mama alijibu, "Ingia, mwanangu, chakula kinapoa." Nilikuwa mkatili, na nilijiona mcheshi.

Mama alifariki mwaka juzi. Mama wa kuvusha alikuja matangani akichechemea, akala, akanywa chai, kisha akasimama. Nilijua kilichomsimamisha. Aliisimulia yote, kuanzia vumbi hadi kuku, kaburi likiwa bado bichi, na watu waliokuwa wakilia dakika tano nyuma wakacheka hadi machozi yakabadilika kazi. Nilikuwa na birika la chai mkononi na nilipima umbali. Kilichonizuia ni kwamba lilikuwa birika la kuazima.

Kwa hiyo Novemba iliyopita nilipokwenda kumtafuta, sikwenda kwa mapenzi. Siku hizi anakaa Lemon Gaba, mtaa mwingine wa Juba, kwa mwanawe mkubwa. Magoti yamekataa, na kazi yake wameichukua vijana wenye kitambulisho shingoni na orodha kwenye simu. Nilikuwa na kisingizio: binti yangu ametimiza miaka sita, baba yake amempatia nafasi katika shule ya bweni Uganda, nami nikasema nikaulize maoni ya mtaalamu. Nilimchukua na mtoto mwenyewe.

Tulimkuta uani juu ya kiti cha plastiki, sinia la majani ya kudra mapajani, akichambua mboga. Mwanangu alisalimia, akaenda kucheza na wajukuu wa pale, wote wakirusha vumbi kwa ndoo. Mama wa kuvusha alimsindikiza kwa macho.

"Hii ndiyo nataka kuvuka?"

"Baba yake ndiye anataka."

"Na wewe?"

Niliuliza lililonileta.

"Anti, sasa mama hayupo. Niambie bila maigizo. Siku ile, alijua kuwa yule si mimi?"

"Hakujua," alisema, na akang'oa jani.

Sikutegemea liwe jepesi hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hadithi ndefu, mbwembwe, kiapo kimoja au viwili.

"Naangalia mtoto, nasema amekua. Nachukua, nakwenda. Asubuhi mtoto nalia, naita bibi yake kwa lugha mama yako hapana kusikia. Ndiyo nashtuka. Nakuja kwangu Hai Jalaba mbio, bila viatu."

"Basi alinidanganya miaka yote."

"Ee. Nakudanganya."

Nilihisi kitu kama ushindi, ushindi mbaya, wa mtu aliyeshinda kesi dhidi ya marehemu. Nilikuwa nataka kuondoka nacho. Yeye akaendelea kuchambua, akasema bila kuniangalia:

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Siku mimi nakuleta kutoka Nimule. Mama yako nasimama pale kwa lango, toka asubuhi nasimama. Na ile mama ya chapati, jirani yangu, nasimama karibu yake. Wewe nashuka kwa gari. Napita mama yako. Nakwenda kwa mama ya chapati, nashika gauni yake na mikono mbili, nalia, nasema, mama, mama. Tunakutoa kwa nguvu."

"Uongo."

"Mimi nadanganya askari," alisema. "Wewe iko askari?"

Nilimkumbuka yule mwanamke wa chapati. Nalikumbuka gauni lake: lilikuwa la bluu, lina maua, na unga kwenye kiuno. Nimelikumbuka maisha yangu yote bila kujua kwa nini. Katika kumbukumbu yangu, kichwa kilichokuwa juu ya gauni lile kilikuwa cha mama.

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Mbona hukulisema? Ya mama umesema hadi kwenye matanga yake."

Hapo aliacha kuchambua. Alifuta vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea taratibu.

"Siku ile jioni mama yako nakuja kwangu. Wewe iko nyumbani nalala. Nashika mkono yangu. Nasema, dada, nakujua wewe, mdomo yako haina lango. Basi ile yangu, sema. Sema mahali unataka, hata kwa harusi, mimi tacheka na watu. Lakini ile ya mtoto, usiseme. Yeye nasikia, naumia." Akainua mabega. "Khalas. Mimi nasema ile ya yeye, kwa nguvu, kila mahali. Watu nacheka, hakuna mtu nauliza ile ingine."

Mwanamke ambaye hakuwahi kuficha kitu isipokuwa mbele ya serikali alikuwa ameficha hili miaka yote hiyo, na mama alikuwa amekaa katikati ya kicheko cha Juba nzima ili kisije kikanifikia mimi. Nami nilikuwa nimempiga kwa ulimi kila alipofungua mlango. Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, kamasi zikatoka, mkunga mzima ninayewakemea wanawake wenye uchungu kwa kupiga kelele.

Mama wa kuvusha hakunibembeleza. Alisema tu kwamba machozi yangu yanaingia kwenye mboga yake.

Kelele ziliwaleta watoto mbio. Walisimama mbele yetu mstari mmoja, wote wekundu kwa vumbi, na kwa sekunde moja ya kutisha nilitafuta wangu ni yupi. Mwanangu hakutafuta. Alimtazama yule bibi, akanitazama mimi, akaja moja kwa moja akanipanda mapajani na kunifuta uso kwa kiganja chenye mchanga.

"Shule nafungua lini?" mama wa kuvusha aliuliza.

"Mwisho wa Januari."

Aliokota jani, akaendelea.

Januari imekuja na kupita. Baba yake bado amenuna, na ana haki, maana nafasi ilikuwa nzuri na ada ilikuwa imelipwa. Mtoto anasoma shule ya hapa mtaani, ambayo ina wanafunzi wanaokalia mawe na mwalimu wa hesabu anayekuja akijisikia. Kiingereza chake kitakuwa kibovu, na siku moja atanilaumu, nami nitanyamaza. Kila mchana saa nane anarudi kwangu.